Upepo wa Kwenye Disketi

Jumanne, 5 Agosti 1997

Hakimu, diploma yako ingekuwa sufuria, leo ningeirudisha dukani. Mtu gani anafungia upepo wa miaka tisa ndani ya kopo, halafu kisu cha kulifungulia anakiacha Bujumbura? Nimemwambia hivyo hivyo usoni, mjukuu wangu huyu, mama yake akisikia. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Mambo yenyewe ni haya. Nayaandika ili hasira isinipotee.

Komanda mpya wa kazerne, kambi ya askari hapa kwetu, amekataza uvuvi wa usiku. Anasema taa za wavuvi zinawaonyesha njia waasi wanaovuka kutoka ng'ambo. Karabai zote zimekusanywa na kufungiwa stoo ya kituo cha samaki, pale Hakimu anapofanya kazi. Sasa ziwa linafunguliwa saa saba mchana, linafungwa saa kumi na mbili. Asubuhi ni ya motaboti ya askari peke yake. Saa saba ya mwezi wa nane, saa upepo unapoamka na hasira zake! Mwezi uliopita mitumbwi miwili haikurudi. Wake zao bado wanakwenda pwani kuangalia maji, kama maji yatawajibu.

Na Hamisi wangu anatoka kila siku saa hiyo. Nilizaa watano. Amebaki huyu.

Wazee wa pwani walikwenda kuomba saa za alfajiri. Komanda ni mtu wa mlimani, ziwa ameliona mwaka huu. Akawaambia kila mvuvi ana maneno yake, mimi nileteeni kitu cha kisayansi. Sawa. Kituo kina kile kipima upepo juu ya mlingoti, kinaandika kila saa kwa miaka tisa, vita au amani. Nikasema basi imekwisha, Hakimu atoe namba ampelekee. Ndipo naambiwa kompyuta ya zamani ilibebwa na wenye bunduki mwezi wa tano. Hii mpya iko tupu. Namba zipo, nakala yake ilifichwa, lakini zimefungwa kwa namna yake na hazisomeki bila kitu kinaitwa maktaba.

Nikamuuliza, maktaba ya vitabu?

"Hapana, Bibi. Ya programu. Hiyo ndiyo inajua namba zimepangwaje ndani ya faili. Programu yangu inasema nipe upepo wa tarehe fulani, saa fulani. Maktaba inafungua, inachota, inaipa."

Kisu cha kopo. Si angesema hivyo tangu mwanzo.

Kisu hicho anacho Madamu Marguerite, wa biro, ofisi kuu ya kituo, Bujumbura. Atakifunga kwenye disketi. Nani atakwenda kukichukua, hapo wote wakaangalia miguu yao.

Alhamisi, 7 Agosti

Nakwenda mimi.

Hakimu hawezi. Vijana wanashushwa kwenye bariyeri, vizuizi vya askari barabarani. Wiki iliyopita pale Muhuta walishushwa wawili na basi likaondoka bila wao, na abiria wote wakawa hawana shingo za kugeuka nyuma. Hamisi hawezi, akikosa ziwa siku moja sufuria inajua. Basi abaki nani? Mwanamke mzee hakuna anayemtazama. Hiyo ndiyo faida pekee ya kuzeeka, sijaona nyingine.

Esha, mke wa Hamisi, amekuja na sauti ya msiba. Mama, una miaka sabini, mama, mgongo wako. Nikamwambia miaka yangu naijua, na wewe una arobaini na mbili na hujawahi kufunga gunia la ndagala, dagaa hawa wetu, likafika Gitega bila kunuka. Mkwe mzuri, lakini anapenda kulia kabla ya jambo kutokea.

Hakimu ananitania: "Mke wangu, ukifika Buja usinitafutie mke mwenza."

Nimemjibu mume mwenyewe hata kisu cha kopo hana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Mgongo upo, disketi zipo.

Madamu Marguerite ni mwembamba, mpole, Kifaransa kinatokea puani. Alinipa kiti na chai, nakiri. Alikuwa ameandika namba juu ya kila disketi. Akanieleza taratibu kama unavyomweleza kiziwi. Ziwekwe moja baada ya nyingine kwa mpango wake. Zisikunjwe. Zisikae karibu na sumaku. Zisiguse maji. Halafu akazitia ndani ya bahasha. Ya karatasi!

Nilimtazama huyu mama. Safari ya kando ya ziwa, basi halina vioo, mvuke unaingia kila upande, na yeye anafunga kwa karatasi. Sikusema kitu, nilikuwa nimekunywa chai yake. Lakini nilipofika Buyenzi kwa ndugu zangu nikafunga upya, mimi, Mwasiti binti Saleh, ambaye ndagala wake wamefika Gitega wakavuka mpaka Ngozi, na hakuna gunia lililorudishwa. Kopo la maziwa ya unga. Kitambaa safi chini. Chumvi, maana unyevu ukikutana na chumvi unabaki hapo hapo. Disketi, kitambaa, chumvi tena juu. Kifuniko.

Chumvi yenyewe, na hii ambargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, watu wananunua kwa kijiko. Nilijinyima.

Muhuta tukashushwa wote. Askari mmoja, ndevu hana, akalifungua kopo langu, akaniita bibi kizee kwa lugha yake.

"Mukecuru, hii ni nini?"

"Chumvi, baba. Hujaiona siku nyingi?"

Wenzake wakacheka. Yeye akatia mkono, akachota, akatia mfukoni. Akachota tena. Halafu akalitikisa kopo lisawazike, nisionekane nimeibiwa. Disketi zilikuwa chini ya vidole vyake. Moyo wangu nao ulikuwa huko. Akafunga, akanirudishia. Nikamwambia murakoze, asante ya mdomo tu.

Jioni nilimkabidhi Hakimu kopo. Hamisi amerudi salama leo. Lukeba, yule Mkongomani anayevua naye, alinipigia saluti: "Mama komanda, karibu. Batu ba Buja banasemaje?" Nikamwambia wanasema uoge.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya. Na mimi sikosi.

Umeme ulikuja saa nane mchana. Nilikwenda kituoni kuona kazi ya mgongo wangu. Hakimu anaweka ya kwanza, mashine inanung'unika, inakubali. Ya pili, inakubali. Ya tatu ikalia kama paka aliyebanwa mlangoni, halafu maandishi. Akaitoa, akairudisha. Kilio kile kile. Akaleta ya nne, mashine ikasema hapana, nataka ya tatu kwanza. Hairuki hata moja. Ukikosa kipande kimoja huna kitu.

Akakivuta kile kibati cha pembeni. Akapuliza. Akaweka kidole ulimini.

"Bibi. Hii ni chumvi."

"Ndiyo. Nimezifunga vizuri."

Hakimu sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata mdogo. Leo nimesikia. Bibi, baba yupo ziwani sasa hivi, na wewe umezitia chumvi disketi kama samaki. Nikamwambia shika adabu. Nikamwambia huyo Madamu wako alitaja maji, alitaja sumaku, alitaja kukunja. Chumvi hakuitaja. Mtu wa pwani unampa kitu kilinde na unyevu, atakitia nini, sukari?

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nje upepo ulikuwa umeanza, mabati ya stoo yanapiga.

Halafu akachukua wembe, akaipasua disketi kando. Ndani kuna duara jembamba, jeusi, laini kama ganda la kitunguu. Ndilo hilo tu, miaka yote ya shule ni kwa ajili ya hilo. Akauliza wapi kuna maji ya mvua. Nikamwambia maji si yamekatazwa? Akasema chumvi imekwisha fanya vibaya zaidi.

Nimeleta maji ya mvua ya akiba mtungini, nimeyachemsha, nimeyachuja, yakapoa. Akaliosha lile duara kwa vidole viwili. Kukausha nimekataa aguse. Hilo ni la kwangu. Kivulini, juu ya uzi, mbali na mchanga, kitambaa cha harusi yangu juu kuzuia vumbi.

Jumanne, 12 Agosti

Linakauka. Simsemeshi Hakimu, naye hanisemeshi. Hamisi amerudi.

Jumatano, 13 Agosti

Limekauka bila alama. Hakimu ameichana disketi tupu, akalivika duara gamba lake. Mashine ikanung'unika muda mrefu. Ikakubali. Ya nne, ya tano, zote. "Bibi," akasema, ndilo neno la kwanza tangu juzi, "imeingia."

Nikaanza kufunga khanga niende kwa komanda. Kaa kwanza, anasema. Akaiita programu yake itoe upepo. Programu ikasema maktaba haipo.

Haipo! Tumeitia sasa hivi kwa macho yetu. Nikamwambia mashine hii ni mwongo, ipelekeni bungeni. Kutwa nzima anapekua. Mwisho ameona: ile maktaba ilijipanga sehemu yake, na programu inaitafuta sehemu nyingine. Kama Esha anavyoweka kopo la chai juu ya kabati halafu anasema chai imekwisha. Akaandika mstari mmoja wa kuielekeza. Umeme ukakatika hapo hapo.

Saa kumi na moja Hamisi aliletwa. Mtumbwi ulijaa maji, wavu umechanika, yeye anatapika ziwa. Nilimsugua kifua kwa mawese na tangawizi kama mtoto. Nikamwambia kesho hutoki.

"Mama, nisipotoka watoto wanakula nini? Mchanga?"

Lukeba, midomo imekuwa ya buluu, bado anatania: "Mama, usiogope. Huyu mutoto wako iko muzito, ziwa linamushindwa kumeza."

Nilitaka kumpiga kofi na kumpa uji. Nikampa uji.

Ijumaa, 15 Agosti

Upepo umetoka.

Karatasi moja, wino hafifu, mstari unapanda na kushuka. Hakimu akanishika kidole akanipitisha juu yake. Hapa alfajiri, mstari umelala. Saa tatu, umelala. Saa tano unainua kichwa. Saa saba unasimama, saa tisa ni mlima. Mwezi wa nane wa miaka tisa umekaa ndani ya karatasi moja. Kuna mishale midogo pia, inaonyesha upepo unatoka wapi na unakwenda wapi. Nilimwuliza mbona mishale inageuka jioni. Akasema ndivyo ulivyo, Bibi, jua likizama unabadili njia.

Sikumwambia vizuri. Lakini nilimpikia maharage kwa mawese, anajua maana yake.

Baada ya sala tukaenda kazerne, mimi na yeye. Tulisimama juani. Komanda akatoka akipiga mswaki meno, saa nane hiyo. Akaishika karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Nani amechora?"

Hakimu akasema mashine, afande, kutokana na vipimo vya kituo.

"Muhuri uko wapi?"

Hakuna muhuri. Akasema karatasi bila muhuri hata mtoto anaweza kuichora. Ileteni na muhuri wa biro ya Bujumbura, nitaisoma. Hakimu akaanza kueleza mambo ya maktaba na faili, nikamvuta shati. Nikauliza mimi: Afande, wewe unajua kuogelea? Akanitazama. Akasema, mukecuru, mimi najua kutii amri. Akaingia ndani na mswaki wake.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula maharage yangu mwenyewe. Nilivuka bariyeri na mgongo huu. Nilitoa chumvi. Mjukuu alipaza sauti kwangu, na bado nikamchotea maji, mimi. Yote hayo tukakwama kwenye kipande cha mpira na wino.

Jumatatu nitakwenda tena. Muhuri huo nitaufunga kwa karatasi, kama Madamu anavyopenda.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi. Ziwa limelala kama maziwa ndani ya bakuli. Hakuna mtumbwi juu yake, motaboti ya askari tu, na askari wawili wamelala ndani. Hamisi anashona wavu. Nimemwambia vumilia mpaka Jumanne, nitarudi na muhuri. Akasema ndiyo, mama. Hiyo 'ndiyo' yake ni ya tangu utoto, 'ndiyo' ya kunyamazisha mtu.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Alitoka.

Upepo uliamka saa nane na haujakaa chini. Mitumbwi tisa ilitoka, minane imerudi. Wa Hamisi na Lukeba haujarudi. Aruna, mzee wa wavuvi, amefika wa mwisho na kasia moja. Anasema aliwaona mbali sana, wavu umewanasa, wanaukata. Baadaye mawimbi yakasimama katikati, hakuwaona tena.

Jua linazama. Kuvre-fe, amri ya kutotoka nje, ni saa moja. Pwani yote giza, komanda amekataza hata moto wa kupikia. Mtu aliye majini akiona giza tupu hajui nchi kavu iko upande gani. Karabai zimejaa stoo, na mafuta ya taa katika mtaa huu ni kopo moja tu, alilificha Esha. Yanatosha taa tatu, na mahali pamoja.

Aruna anasema tuwashe hapa. Mama Hamisi, upepo unatoka ziwani, utamleta hapa hapa kwao. Esha analia anasema hapa. Na mimi moyo wangu ulikuwa umekwisha sema hapa. Hapa ndipo anarudi tangu alipokuwa anavua na baba yake.

Hakimu akaja anakimbia, ile karatasi mkononi, ile aliyoigeuza komanda.

"Bibi, si hapa. Jua likizama unageuka, unatoka kusini. Utawasukuma kaskazini, upande wa Minago."

Aruna akamwambia nyamaza, mtoto wa biro, mimi nimevua kabla mama yako hajaota meno. Nikamwambia Aruna anyamaze yeye.

"Unageuka siku zote?"

"Siku saba kati ya kumi, Bibi."

"Na zile tatu?"

Alitazama maji. Baba yake ndiye yuko kule. Angeweza kunidanganya.

"Zile tatu sijui."

Mwaka huu mzima ni mtu wa kwanza kuniambia hajui. Komanda anajua. Aruna anajua. Madamu na bahasha yake anajua. Mimi nilijua chumvi. Nikaitazama bendera ya kazerne. Ilikuwa imelegea, haijaamua. Nikaamua mimi: Minago.

Nimerudi nyumbani mbio kuchukua hilo kopo la mafuta. Naandika nimesimama, ili askari wakitukamata isisemwe ni Hakimu. Nimeamuru mimi. Tukikosa mahali, nimekosa mimi, si karatasi, wala si mtoto.

Wote wapo mlangoni, nasema huku naandika: basi sikilizeni. Hakimu, fungua stoo. Toa karabai tatu, zifunge kwa vitenge zisigongane, zipakie kwenye baiskeli ya Aruna. Atanuna, mwache anune, lakini aende, mikono yake inajua kuziwasha. Esha, futa machozi ubebe mafuta. Piteni ndani ya michikichi, barabara muiache. Mukifika upande wa Minago, mahali pa wazi, washeni zote na muziinue juu. Karatasi nipe mimi. Nakwenda kuketi mlangoni pa komanda nayo, nimweleze upepo mstari kwa mstari mpaka asahau kutazama ziwa. Taa hata moja isizimwe mpaka Hamisi akanyage mchanga.